Nishani Mbili Ndani ya Soksi

Siku ya uhakiki wa wazee waliopigana vita vya Kagera, babu alivaa kanzu yake ya Idd akataka nimshike mkono mpaka ofisi ya kata. Kutembea anaweza. Ila ana mtoto wa jicho macho yote mawili, anaona umbo la mtu bila kuona sura, na ofisi yetu ya kata hapa Zinga iko ng'ambo ya barabara ya Dar, ambako magari hayamngoji mtu. Nilimkalisha kwenye benchi la mbele, mimi nikaenda kusimama ukutani. Nikiwa kwenye watu wengi huwa natafuta ukuta.

Afisa aliyeleta orodha alikuwa kijana mpole. Aliwaamkia wazee wote, mmoja mmoja, kisha akaanza kuwasomea karatasi zao kwa sauti: jina, namba ya utumishi, kikosi, cheo alichostaafia, nishani. Wazee wa namna hiyo waliobaki katika kata yetu ni wanne. Wa kwanza nishani mbili. Wa pili mbili. Wa tatu, ambaye alikaa jeshini miaka mingi kuliko wenzake, nishani tatu. Alipofika kwa babu alisoma yote bila kosa, na namba ya utumishi babu akawa anaitamka pamoja naye. Halafu kijana akasema, "Nishani, hakuna."

"Soma tena, mwanangu," babu alisema.

"Hakuna, mzee. Hapa pana mstari tu."

"Mstari gani?"

"Kistari kifupi. Mahali pa nishani wameweka kistari."

Mlangoni watu walijaa, maana siku ile ile ofisi ilikuwa inagawa pingili za muhogo. Mmoja wao alikuwa jirani yetu, ambaye mbuzi wake na shamba la babu hawajapatana hadi leo. Alimwambia mtu aliyesimama kando yake, kwa mnong'ono uliofika mpaka mezani kwa afisa, "Mimi nilijua siku nyingi. Huyu alikuwa anawasongea wenzake ugali."

Watu walicheka kidogo. Nadhani hawakuwa na ubaya, walikuwa wamechoka kungoja pingili. Babu hakugeuka. Mimi nilikuwa naona kofia yake na masikio yake tu, na nilitamani niwe mtu wa kusema neno mbele za watu.

Tulipofika nyumbani alikaa kitandani akaniagiza nishushe kopo la maziwa ya unga lililoko juu ya kabati. Ndani ya kopo mna soksi ya kijani, ya jeshi, imetoboka kisigino. Aliiinamisha, nishani mbili zikaangukia kiganjani mwake. Utepe wa moja umeliwa na mende.

"Mke wangu," aliniita. Babu huniita hivyo tangu nizaliwe, na bibi alipokuwa hai aliniita mke mwenzake. "Hizi ni nini?"

"Nishani."

"Ngapi?"

"Mbili."

"Basi bado sijaanza kuota mchana."

Habari ya soksi naijua tangu utotoni. Vita vilipokwisha, siku kikosi chao kilipopangwa kwenye gwaride la kuvishwa nishani, babu alikuwa wodini, mguu wa kushoto umefungwa. Jina lake liliitwa naye hayupo. Rafiki yake, mtu wa Miono, aliyelala naye handaki moja, alitoka mstarini akampokelea, na jioni akamletea wodini ndani ya soksi. Babu anaamini ni hapo zilipopotelea kwenye karatasi. Aliyekuwa anaandika aliwaandika waliovishwa, na yeye hakuvishwa. Miaka yote hiyo hakujua, kwa sababu hakuwahi kusomewa karatasi yake mbele za watu.

Afisa alikuwa ameeleza namna ya kurekebisha. Barua ya maombi, picha za nishani, na barua za mashahidi wawili waliotumikia naye, zote zikiwa na muhuri wa kata anakoishi mwombaji. Angerudi mwisho wa mwezi unaofuata kuzichukua, baada ya hapo orodha inafungwa.

"Sitaki kitu kingine," babu aliniambia. "Nataka siku nikifa, wakisoma wasifu wangu pale kaburini, wasome nishani mbili. Na huyo mwenye mbuzi awepo, asikie."

Shahidi wa kwanza alipatikana bila taabu, yule mzee wa nishani tatu, ambaye walikutana na babu ng'ambo ya mpaka. Alitia saini akiwa anatafuna tambuu. Lakini yeye alikuwa kikosi kingine, alijua babu alipigana, habari ya nishani hakuijua. Aliyeijua alikuwa mtu mmoja tu duniani, naye yuko Miono.

Nyumbani tuko wawili, kwa hiyo kazi ya karatasi ikawa yangu. Nimesoma mpaka darasa la saba. Kusoma najua na kuandika najua, ila mkono wangu ni mzito. Shuleni mwalimu alikuwa anafuta ubao mimi bado niko mstari wa tatu, na nikawa natunga mwenyewe yaliyobaki kuliko kunyoosha kidole niombe aniachie kidogo. Kazi yangu ni kusuka ukili wa mikeka, na kwenye ukili mwendo wa polepole si kosa.

Nilikwenda Dunda, kwenye duka la steshenari linalopiga chapa barua. Kijana wa kompyuta alikuwa ameweka kikombe cha chai juu ya mashine ya kutolea kopi, na nyuma yangu palikuwa na wanafunzi wa sekondari wanaosukumana.

"Karibu dada. Barua ya nini?"

Nilimweleza. Alitikisa kichwa kabla sijamaliza.

"Hizi nimeshawapigia wazee wengi. Fomati ni moja, nabadilisha majina tu. Nitajie majina."

Nilimtajia. Alipiga chapa bila kuangalia vidole vyake, mashine ikatoa karatasi ikiwa bado ya moto. Nikasoma. Ilisema kwamba mimi fulani naapa mbele ya Mwenyezi Mungu kuwa nilitumikia kikosi kimoja na fulani, na kwamba nilishuhudia kwa macho yangu mwenyewe akivishwa nishani zilizotajwa hapo juu.

Nilisoma neno akivishwa nikasimama. Soksi ilinijia kichwani. Nilijua kabisa kwamba hakuvishwa. Maneno ya kumwambia yule kijana nilikuwa nayo, yalikuwa machache na mepesi: si hivi, kaka, alimpokelea. Nyuma mwanafunzi mmoja akasema, "Dada huyo anasoma au anahifadhi?" Wenzake wakacheka. Masikio yakaniwaka moto.

"Iko sawa?" kijana aliuliza.

"Iko sawa," nikasema.

Nilijiambia kwamba ni maneno ya karatasi tu. Kila mtu anatia saini maneno ya karatasi. Mtendaji wa kata alinigongea muhuri siku ile ile, kwa wema, kabla saini haijawekwa. "Miono ni mbali, binti," alisema. "Nakugongea kabisa ili usizunguke mara mbili. We kailete ikiwa na saini yake." Alinionya nisiikunje katikati ya muhuri na isifutwefutwe, maana karatasi yenye neno lililokatwa hurudishwa.

Miono nilikuwa sijawahi kufika. Nilishuka Mandera, kutoka pale nikachukua bodaboda mpaka kijijini, nimeiweka karatasi ndani ya bahasha, bahasha ndani ya msahafu wa babu ili isijikunje. Nilimkuta mzee anapepeta ufuta na mkewe uani. Mrefu, mkavu, amevaa fulana iliyoandikwa jina la timu ya shule.

"Shikamoo babu. Natoka Zinga, kwa—"

"Marahaba. Usinitajie. Nimeshaona pua." Alicheka. "Karibu, mke wangu. Mume mwenzangu hajambo?"

"Hajambo, ila macho."

"Bado anakoroma?"

"Anakoroma."

"Tulikuwa tunamfunika kofia ya chuma usoni, adui asije akafuata sauti."

Mkewe akanipa maji ya kunywa akasema nisimsikilize, wote wawili ni waongo tangu ujana wao. Nilikunywa, nikatoa barua, nikaeleza nilichotumwa. Mzee hakuichukua. Aliuliza, "Imeandikwa naapa?"

"Ndiyo, babu."

"Basi ningoje nitie udhu."

Alichukua birika, akanawa polepole, mikono, mdomo, uso, mpaka miguu, mavumbi ya ufuta yakamtoka. Akavaa shati na kofia. Akatandika msala akaelekea kibla na kunipa ishara nisome. Mimi nilikuwa nimezoea kuona watu wakitia saini juu ya goti, juu ya tangi la pikipiki. Nilisoma, na kadiri nilivyolikaribia lile neno ndivyo sauti yangu ilivyopungua.

"Hapo," alisema. "Rudia."

Nikarudia. "Nilishuhudia kwa macho yangu mwenyewe akivishwa nishani."

"Kavishwa na nani?"

Kidole changu kilibaki kwenye lile neno.

"Alikuwa kitandani, mguu umefungwa kama gunia. Walipoita jina lake nikasema, hayupo afande, namchukulia mimi. Afande akaniangalia sana. Halafu akanipa. Mbili zangu kifuani, mbili zake mkononi. Gwaride lilipokwisha sikujua niziweke wapi, suruali ile haikuwa na mfuko mzima, nikavua soksi. Nimetembea mguu mtupu ndani ya kiatu mpaka hospitali. Hilo mbona halimo?"

"Halimo, babu."

"Tia saini, mume wangu," mkewe alisema huku akipepeta. "Mtoto katoka Zinga. Si nishani alizipata?"

"Alizipata. Hakuvishwa."

"Sasa tofauti yake nini?"

"Tofauti yake mimi nimetia udhu." Hakusema kwa hasira. Alinigeukia. "Mjukuu wangu, nilichokifanya nitakiapia hata mbele ya jaji. Hili sikuliona. Nikiliapia, na yale niliyoyaona yatakuwa na thamani gani? Andika nilivyosema, nitatia saini mara tatu ukitaka."

Aliyosema yalikuwa mazuri kuliko yale ya duka. Hata mtoto angeona. Mtu aliyezipokea kwa mkono wake ni shahidi mkubwa kuliko mtu aliyesimama akatazama. Nilijua hayo Dunda, na niliyajua zaidi pale uani, na aibu ilinibana mpaka nikashindwa kumwangalia.

Nilikuwa na daftari. Nikaandika. Alirudia kila sentensi mara mbili, mara tatu, akingoja mkono wangu. Hakunihimiza hata mara moja. Aliongeza kikombe kimoja cha bati walichokunywea wawili, akaongeza jina la mto, akaongeza kwamba babu ndiye aliyembeba yeye siku moja kabla mguu haujaumia, ili watu wasidhani alikuwa mpishi. Sikuwa nimemwambia habari ya jirani. Nilipomaliza adhana ya alasiri ilikuwa inaadhiniwa. Nilimsomea yote kuanzia juu.

"Ndivyo," alisema. "Lete kalamu."

Nikampa. Akainama juu ya daftari, akaweka ncha ya kalamu chini ya mstari wa mwisho. Na mimi, ambaye siku zote hukosa la kusema, siku hiyo nikasema.

"Babu, hii haina muhuri. Ni ya daftari. Wataikataa. Nitaipeleka ikapigwe chapa, igongwe muhuri, nirudi nayo."

Alininyanyulia uso. "Una hakika?"

"Mtendaji kasema karatasi iwe safi."

"Haya. Nyie ndio mliosoma." Akanirudishia kalamu.

Nimeyawaza hayo kuliko kitu kingine chochote maishani mwangu. Angetia saini pale, ningempelekea mtendaji daftari lenyewe, angenigongea muhuri chini ya saini, maana muhuri hufuata saini, ndivyo ilivyo kawaida. Nilidhani muhuri lazima utangulie kwa sababu mara ya kwanza ulitangulia. Mtu alinifanyia wema nikaushika kama sheria.

Nilirudi Zinga nikamweleza babu. Sikumficha lile la dukani. Alisikiliza, akacheka pale kwenye udhu.

"Ndiye huyo. Hata kikosini alikuwa hivyo. Tukiibiwa sabuni anaulizwa nani kaiba, anasema mimi nimeona mkono, uso sikuuona."

"Hukukasirika, mume wangu?"

"Nikasirike nini? Rudi haraka tu."

Haraka haikuwepo. Mvua za masika zilianza kesho yake. Dunda umeme ulikatika siku tatu, na uliporudi yule kijana alikuwa amefiwa kwao Lushoto. Nilimsubiri yeye kwa sababu nilimzoea na niliogopa kumwendea mtu mwingine. Alipokuja nilimpa daftari nikamwambia, kwa sauti niliyoifanyia mazoezi njiani, "Andika kama ilivyo humu, usibadilishe." Akasoma. Alisoma mpaka mwisho. "Dah," alisema, akapiga chapa neno kwa neno. Mtendaji naye alikuwa kwenye semina, nikaenda ofisini kwake asubuhi nne mfululizo. Kisha barabara ya kutoka Mandera ikawa haipitiki, bodaboda wakikataa hata kwa kubembelezwa. Babu kila siku aliuliza ni tarehe ngapi.

Nilipofika Miono mara ya pili ufuta haukuwepo uani. Mke wa mzee alitoka ndani amejifunga kanga kiunoni, alivyoniona akaketi kizingitini.

"Umechelewa, mjukuu wangu," alisema. "Yupo, lakini umechelewa."

Kiharusi kilimpata siku nane zilizopita, akitoka msikitini. Upande wa kulia wote ulikufa, na ulimi. Alikuwa amelala chali kwenye kitanda cha kamba, macho wazi. Mwanawe mkubwa, ambaye ni baba mdogo kwangu, alikuwa anamfukuzia nzi kwa kipande cha boksi. Nilimwamkia mzee. Macho yalikuja kwangu, yakakaa, yakaondoka. Labda alinijua. Labda aliona umbo tu, kama babu anavyoona.

"Mama kanieleza," baba mdogo alisema. "Alikuwa anakuulizia. Kila mvua ikikatika anasema leo atakuja. Karatasi unayo?"

"Ninayo."

"Msomee."

Nilisoma. Safari hii sauti haikupungua, kwa sababu hapakuwa na neno la kuogopa. Handaki, kikombe cha bati, mto, kubebwa. Gwaride, jina likiitwa, namchukulia mimi, afande. Soksi. Nilipofika kwenye soksi mdomo wake ulisogea upande mmoja. Ulisogea pia nilipokuwa sijaanza kusoma, kwa hiyo siwezi kusema.

Baba mdogo akaenda kuazima pedi ya wino kwa mwenyekiti wa kitongoji. Alirudi nayo imefunikwa mfuko wa nailoni. Akainua mkono wa kulia wa baba yake, akachagua dole gumba, akalibonyeza kwenye wino. Mkono ulikuja wote kama kitu kisicho cha mtu.

"Shika karatasi vizuri," aliniambia.

Nikaishika, nimeiweka juu ya msahafu. Dole gumba lilikuwa limefika karibu na mstari wa saini, zambarau kabisa, mke wa mzee aliposema, "Mwacheni kwanza."

"Mama, haya ni maneno yake mwenyewe. Wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Na alipokataa nilikuwepo. Alitaka atie mwenyewe, na udhu wake. Hivi ni sisi tunatia."

"Basi mnawishe."

"Nitamnawisha. Nia nitamtilia mimi?"

Baba mdogo alibaki ameushika ule mkono hewani. "Mzee wa Zinga atapoteza haki yake kwa jambo ambalo baba alilikubali. Baba angependa hivyo?" Aliinama karibu na sikio la mgonjwa. "Baba. Tutie? Kama tutie, fumba macho."

Tulingoja. Macho hayakufumba. Halafu yalifumba, lakini yalikuwa yamekaa wazi muda mrefu na nzi alikuwa amepita. Wote wawili wakaniangalia mimi. Karatasi ilikuwa mkononi mwangu. Ningeisogeza kidole kimoja tu mbele, wino ungeshika.

Sikusema tia, na sikusema acha. Nilisimama pale kama ninavyosimama kila mahali, nikingoja mwingine aseme, na hakuna aliyesema. Mwishowe mkono wa baba mdogo ulichoka. Akaushusha kitandani taratibu. Mke wa mzee akachovya pindo la kanga kwenye maji akamfuta mumewe dole gumba, akarudia kwenye mikunjo ya ngozi ambako wino haukutaka kutoka.

Babu alikuwa ananingoja barazani. Alijua hatua zangu.

"Ulimsomea?"

"Nilimsomea."

"Yote?"

"Yote."

"Akasikia?"

"Sijui, babu."

Nikamweleza habari ya dole gumba. Nilitegemea aseme nilifanya vizuri, au aseme nilikuwa mjinga, lolote lingenifaa. Aliuliza tu ni mkono gani. Nikasema wa kulia. "Ndio aliopokelea," alisema.

Rafiki yake alifariki kabla ya mwezi kwisha. Babu alitaka kwenda, nikampeleka, barabara ilikuwa imekauka. Wakati watu wameondoka makaburini na wanawake wako ndani na mjane, aliniomba nimwingize mlangoni tu. Akatoa mfukoni soksi ya kijani, tupu, imekunjwa.

"Hii ni ya mumeo," alimwambia mjane. "Aliniazima."

Mjane aliifungua, akaingiza kidole kwenye tundu la kisigino. "Mimi nilimuuliza miaka yote ya kwanza soksi ya pili iko wapi," alisema. "Akaniambia imekwenda hospitali." Alicheka, na wanawake waliokuwa naye wakashtuka, halafu akajifunika uso nayo.

Afisa alikuja tarehe aliyosema. Alipokea kila kitu kwa mikono miwili, akaona mahali pa saini ya shahidi wa pili peupe.

"Huyu hakutia saini?"

"Amefariki," nilisema.

"Pole sana. Hakuna mwingine aliyeona?"

"Hakuna."

Alikaa akiitazama ile barua. Aliisoma yote, naye alifika kwenye soksi, nilimwona. "Nitaiambatanisha hivi hivi," alisema. "Ila sikuahidi, dada. Bila saini ni hadithi."

Majibu yalikuja kwa mtendaji baada ya miezi. Karatasi mpya ya utumishi, safi, ina nembo. Nilimsomea babu barazani. Jina, namba, kikosi, cheo.

"Soma hapo pa nishani."

"Pana kistari, babu."

"Kile kile?"

"Kile kile."

Jirani alikuwa anapita na mbuzi wake. Alimwamkia babu, babu akaitikia. Sidhani hata anakumbuka alilosema siku ile ya pingili. Nishani sasa ziko ndani ya kopo bila soksi, zinagonga bati ukilisogeza. Kalamu ninayo na daftari ninalo, ningeweza kuandika nishani mbili kwenye kila ukurasa mpaka liishe, kwa mwendo wangu, na kistari kingebaki pale kilipo.

Siku nyingine, akimaliza kuswali alasiri, babu huniita nimsomee. Si ile iliyopigwa chapa, hiyo walibaki nayo. Anataka ya daftari. Nasoma mpaka mwisho, kisha ananyoosha kidole nami nakiongoza chini ya mstari wa mwisho, mahali mzee wa Miono alipoweka ncha ya kalamu kabla sijamzuia.

"Ile nukta ipo?"

"Ipo."

"Haijafutika?"

Nikaitazama. Ni ndogo, ya bluu, karatasi imebonyea kidogo pale.

"Haijafutika, babu."

Anakiacha kidole hapo.